Kamba ya Kupimia Kaburi

Jikoni kwa Skolastika, kule Kasokola, kamba ya katani ilining'inia juu ya mafiga kwa miaka sita, na hakuna aliyethubutu kuichukua hata ya kufungia mbuzi. Moshi uliifanya nyeusi tii, ukailinda na mchwa, na ndiyo sababu mwanawe mkubwa, Deusdedit, aliitundika pale. Kamba ile ilikuwa na urefu wa kutoka pale mto Kanyoso unapoingia Ziwa Tanganyika hadi kwenye jiwe lililowekwa kichwani mwa kaburi la mdogo wake, Josephat.

Josephat aliyachoka mahindi. Ni uchovu wa vijana wengi na wengi huponywa na njaa, lakini yeye alipanda gari la kwenda ziwani, akapata kazi ya kuvua dagaa katika kijiji cha Kalumbe. Hakumaliza mwaka. Upepo wa kusi uliupindua mtumbwi wao, na ziwa likakaa naye siku kadhaa kabla ya kumtema ufukweni.

Deusdedit alipofika Kalumbe na baba yake mdogo, Melkior, wenyeji walikuwa wameshachimba kaburi. Huko aliyekufa maji hazikwi pamoja na waliokufa vitandani, wala harudishwi kwao. Anazikwa ufukweni, karibu na pale mawimbi yalipomweka, maana wanasema ukimpitisha kijijini, kila nyumba aliyopita mlangoni mwake itadaiwa mtu. Deusdedit hakuwa na nguvu za kubishana na mila za watu. Alimviringisha ndugu yake katika blanketi la mistari myekundu alilopewa na mama yao, akamlaza chali, akamfukia, akaweka jiwe la ziwani kichwani. Mawe ya namna ile yalikuwa mengi pale ufukweni, moja kwa kila marehemu, bila jina.

Kisha akafanya kile ambacho mtu yeyote wa Kasokola angefanya. Alichomeka kijiti ukingoni mwa mto, upande wa kaskazini, akafunga kamba, akaivuta kando ya maji hadi kwenye jiwe la Josephat, akaikata. Watu wa Kasokola ni watu wa mipaka. Ukitaka kuwajua, sogeza minyaa ya mpakani ya mmoja wao kidogo tu, uone kama jioni utakula na meno yako yote. Marehemu baba yao, mzee Silvesta, aliwahi kushinda kesi ya shamba kwenye baraza la kata kwa sababu mpaka wake ulikuwa kijito. Alisema mtu anaweza kuhamisha mti, anaweza kuhamisha hata jiwe, lakini mto hauhami, na wajumbe wote wakatikisa vichwa kukubali. Deusdedit alikua na maneno hayo masikioni. Kwa hiyo hakupima kutoka kwenye mwamba, wala kutoka kwenye nyumba ya mtu. Alipima kutoka mtoni, akarudi nyumbani na kamba yake, roho imetulia kidogo kwamba angalau ndugu yake hatapotea.

Maskini Deusdedit. Kijito cha Kasokola hakijawahi kukutana na mawimbi.

Mwaka huu, mahindi yalipokuwa yanavunwa, miguu ya Skolastika ilianza kuvimba. Hospitali walimpa vidonge, akavimeza, miguu ikaendelea kuvimba. Halafu akakataa chakula. Glory, mke wa Deusdedit, alipika kila alichoweza kufikiria, akatoa sahani jinsi alivyoziingiza. Mama alikuwa anakaa jikoni mchana kutwa, mgongo ukutani, macho juu kwenye kamba.

"Deusi," alisema siku moja. "Baba yenu yuko hapa shambani. Mimi nitalala pembeni yake. Mtoto wangu mmoja tu ndiyo yuko nje, kama mbwa asiye na kwao. Nendeni mkaniletee."

"Mama, wale watu wana mila zao."

"Na mimi nina mtoto wangu. Nimwone anaingia kwenye boma, halafu mtafanya mnavyotaka."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna aliyembishia. Deusdedit alitaja habari ya vibali vya kufukua maiti. Melkior, ambaye hajawahi kukiona kibali kikafika kwa wakati, alimuuliza kama anataka kibali au anataka mama. Wakachukua kamba, makoleo mawili, shuka jipya jeupe na begi kubwa lile la miraba linaloitwa shangazi kaja, wakapanda gari.

Walilala Kalumbe, na asubuhi wakamwona mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa mgeni kwenye kiti na hakutaka matatizo. "Kama ni ndugu yenu, mchukueni," alisema. "Ila msipite naye kijijini." Basi wakazunguka kwa nyuma, wakateremka ufukweni. Mto Kanyoso ulikuwa pale pale, kwa macho ya Deusdedit, ukiingia ziwani polepole kwa maji yake ya kahawia. Alichomeka kijiti ukingoni, upande wa kaskazini, akavuta kamba kando ya maji. Iliponyooka, mwisho wake uliangukia karibu kabisa na jiwe. Alishikwa na furaha ya ghafla, furaha mbaya ya mtu aliyekuta kaburi, na Melkior akampigapiga begani.

Kuchimba mchanga ni kazi ya kipumbavu. Unatoa koleo moja, kuta zinakurudishia nusu. Jasho liliwatoka, na upepo wa kusi uliwarushia mchanga machoni na kwenye meno. Walipoufikia mfupa wa kwanza waliacha makoleo wakatumia mikono. Walifagia mchanga kwa viganja, taratibu, hadi mtu mzima akaonekana amelala mbele yao. Alikuwa amelala ubavu wa kulia, uso umeelekea kaskazini.

Deusdedit alisimama wima ndani ya shimo.

"Baba mdogo. Mimi nilimlaza chali."

"Miaka sita, Deusi. Mchanga unatembea. Utakuwa umemgeuza."

"Na blanketi liko wapi?"

"Blanketi la mtumba likae miaka sita kwenye unyevu huu? Kamba imesema hapa. Jiwe hili hapa. Unataka na yeye aamke akuamkie ndiyo uamini?"

Deusdedit aliangalia zile mbavu, nyembamba, zimepangana vizuri. Mchanga haumgeuzi mtu kwa adabu namna ile. Alilijua hilo, na alijua kwamba akilisema, watarudi Kasokola na begi tupu na mama atageuza uso ukutani. Akapiga magoti, akaanza kuokota. Waliifunga mifupa kwenye shuka, wakalifukia shimo, wakarudisha jiwe juu yake. Kwenye gari, kondakta alipouliza kuna nini kwenye begi, Melkior alisema mihogo. Deusdedit alilipakata njia nzima.

Kaburi lilikuwa tayari, pembeni ya la mzee Silvesta. Katekista Celestin alisali, majirani wakaimba, na Skolastika alibebwa kwenye kiti hadi ukingoni. Aliomba alishike lile shuka kabla halijashushwa. Alilishika kwa mikono miwili, akaweka shavu juu yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umechelewa, baba." Watu walilia. Deusdedit naye alilia, na wengine wote walidhani wanajua kwa nini.

Siku iliyofuata mama aliomba ugali. Aliula na mlenda, akaomba tena. Miguu ikaanza kupungua. Kabla mwezi haujaisha alikuwa anatembea mwenyewe, kwa fimbo, hadi kwenye msalaba mpya, anakaa kwenye mkeka na kumsimulia mwanawe habari: nani kaoa, nani kauza ng'ombe, mahindi ya mwaka huu yametoka vipi. Wakati mwingine alicheka huko peke yake. Glory alisema hajawahi kumwona mkwewe amechangamka namna ile tangu aolewe. Deusdedit alimsikiliza mama yake akicheka, akajiambia kwamba mifupa haina jina, na kwamba wema uliozaa kicheko kile hauwezi kuwa dhambi. Mtu akiamua kujidanganya hakosi maneno mazuri.

Mwezi wa kumi, jua likiwa kali na watu wakisafisha mashamba kungojea mvua, bodaboda ilisimama uani. Walishuka mwanamke wa makamo aliyejitanda khanga na msichana mkubwa wa umri wa kuolewa. Mwanamke alitoa salamu, akaitikiwa, akapewa kigoda. Hakukaa.

"Hapa ndiyo kwa Deusdedit, aliyekuja Kalumbe kuchukua mifupa?"

Deusdedit alitamani kusema hapana. "Ndiyo mimi, mama."

"Naitwa Zubeda. Naanika dagaa kule. Huyu ni binti yangu, Amira. Nilikuwa nimesafiri na mzigo wakati mlipokuja. Niliporudi nikaenda kumsomea mume wangu dua, nikakuta jiwe limewekwa miguuni. Nimewatafuta nyie muda mrefu, kaka. Umenichukulia mume wangu."

Glory aliweka mkono mdomoni. Deusdedit aliingia jikoni, akatoka na kamba, akamnyooshea yule mama kama mtu anayetoa kitambulisho.

"Mimi nilipima," alisema. "Nilimzika ndugu yangu kwa mikono yangu, nikapima toka mtoni. Nimerudi na kamba hii hii. Sikubahatisha."

Zubeda aliitazama kamba nyeusi, akamtazama na yeye, na hasira iliyokuwa usoni kwake ikapungua kidogo, ikaingia huruma ambayo Deusdedit aliichukia zaidi.

"Kamba yako haina kosa, kaka. Mto ndiyo umehama."

"Mto hauhami!"

"Mito yenu labda."

"Mlete hapa huyo mama." Ilikuwa sauti ya Skolastika, kutoka kwenye mkeka wake kando ya msalaba. Hapakuwa mbali, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa. "Mlete aniambie mimi."

Zubeda alikwenda, akapiga goti, akamwamkia shikamoo, kisha akakaa chini, kwenye udongo, binti yake nyuma yake. Kwa muda mfupi wale wanawake wawili walikaa na kaburi moja katikati yao.

"Niambie mto unahamaje," Skolastika alisema.

"Mama, mimi naanika dagaa kwenye mchanga, karibu na maji. Msimu wa kusi, asubuhi, wimbi likinizolea dagaa, siwafuati pale pale. Jioni nawakuta huko kaskazini, wametupwa kidogo kidogo. Wimbi la kusi haliji moja kwa moja. Linakuja kwa mshazari, linapanda mchangani kwa mshazari, halafu maji yanarudi yameteremka wima. Kila kilichomo kinasogea hivyo. Hatua moja ya upande, kinarudi chini, hatua nyingine ya upande. Dagaa, makaa, ndala ya mtu. Na mchanga wenyewe, punje kwa punje, mchana na usiku. Hata chini ya maji. Ukiingia mpaka magotini unausikia unapita juu ya miguu."

"Eeh."

"Sasa mchanga huo ukifika mtoni, unarundikana upande wa kusi. Unaota ulimi. Ulimi unarefuka, unausukuma mto. Mto hauwezi kuuvunja, basi unakula ukingo wa upande wa pili. Masika ndiyo unakula sana. Tangu kijana wenu azikwe, ule mto umeshatembea kaskazini kupita pale alipolala. Kaka alivyopima mara ya pili, mto ulikuwa mahali pengine, na kamba ikamwangusha kwa mume wangu."

Skolastika alikuwa anachezea ncha ya fimbo yake kwenye udongo. "Umesema kupita pale alipolala. Unapita vipi juu ya mtu?"

Zubeda alimtazama Deusdedit kama anayeomba ruhusa, hakuipata, akaendelea. "Masika ya mwaka juzi. Ukingo ulikuwa unabomoka kila siku. Tulikuwa wanawake wachache tunaosha ndoo, tukaona nguo imetokeza ukingoni. Blanketi. Tukasema tutaita wanaume. Mvua ikatukimbiza. Asubuhi tuliporudi ukingo wenyewe haukuwepo."

"Blanketi la namna gani?"

"Lilikuwa na mistari. Myekundu, nadhani. Lilikuwa limepauka."

Deusdedit alimtazama mama yake akiipokea habari ile, na alitamani ardhi ya Kasokola ifanye kama ya Kalumbe, imzoe.

"Deusi," mama alisema bila kugeuka. "Ulimkuta amelalaje?"

"Mama..."

"Nimekuuliza. Amelalaje?"

"Ubavu."

"Na wewe ulimlazaje ndugu yako?"

"Chali."

"Kwa hiyo ulijua."

Angeweza kumtaja Melkior, angeweza kuitaja kamba. "Nilitaka ule, mama," alisema.

Skolastika alifumba macho. Alipoyafumbua alimgeukia Zubeda. "Anaitwa nani?"

"Amri."

"Siku zote hizi nimemsimulia huyu Amri habari za mahindi."

"Alizaliwa Ujiji," Zubeda alisema. "Mahindi alikuwa anayajua yakiwa sahanini tu." Na hapo, Mungu awasamehe, wote wawili walicheka kidogo, kisha Zubeda akaanza kulia, na Amira akamshika mabega. Skolastika alinyoosha mkono juu ya kaburi akamgusa magoti.

"Mfukue mtu wa watu," alimwambia mwanawe.

Udongo wa Kasokola ni mzito, na haukuwa umeshikana bado. Deusdedit alichimba peke yake; Melkior alipoitwa alisema kiuno kinamuuma. Aling'oa msalaba kwanza, akaulaza pembeni, maana hakujua ni adabu gani inayofaa. Shuka lilitoka limechafuka lakini zima. Zubeda alilifungua, akahesabu kwa macho yake anachokijua yeye, akalifunga tena ndani ya khanga mpya.

"Umemtoa kwa mkono wako," alimwambia Deusdedit. "Utamrudisha kwa mkono wako."

"Nitamrudisha, mama."

"Na ukifika huko," Skolastika alisema kutoka kwenye mkeka, "ukaangalie na wangu. Uende mwenyewe, uangalie kwa macho yako, uje uniambie." Wakaondoka jioni ile ile kulala mjini na kuwahi gari la asubuhi, na kwa haraka ile hakuna aliyekumbuka kulifukia shimo.

Walifika Kalumbe kesho yake. Wazee wa msikiti walisoma, Deusdedit akachimba, safari hii juu kwenye mwinuko, mbali na mto, baada ya Zubeda kuwaambia wazee kwamba kama mila inataka mume wake aliwe na maji mara ya pili, basi mila ikamwanikie dagaa. Walipomaliza, alimchukua Deusdedit wakashuka ufukweni. Walivuka mdomo wa mto kwa miguu, maji mapajani, wakatokea upande wa kusi, kwenye ulimi mrefu wa mchanga mweupe usio na jani.

"Chanja langu la kwanza la kuanikia dagaa lilikuwa pale kwenye mawe," Zubeda alisema. "Ndugu yako alizikwa usawa wa chanja. Basi ni hapa. Hapa uliposimama."

Deusdedit alitazama chini. Palikuwa pazuri, kusema kweli. Mchanga safi, mkavu, umelala laini, mahali ambapo mtu angeweza kutandika mkeka akapumzika. Akapiga magoti akaanza kuchimba kwa mikono. Alichimba hadi begani. Akakuta mchanga, na chini yake mchanga, na vikonokono vidogo vitupu, na mwisho maji yaliyojaa kwenye shimo na kuziangusha kuta zake. Hapakuwa na uzi wa blanketi. Hapakuwa hata na mchanga aliomfukia nao ndugu yake, maana mto ulikuwa umepita hapa na vyote, ukaondoka, na mawimbi yakapajaza upya kwa mchanga uliotoka kwingine, wa watu wengine. Alikuwa amefika kabisa mahali alipomzika Josephat na mahali hapo hapakuwepo.

Alilia kwa sauti, mikono imening'inia ndani ya shimo. Zubeda alimwacha. Mbele yao mawimbi yalikuja kwa mshazari, yakapanda, yakateremka. Deusdedit aliangalia ganda la muhogo lililotupwa na mtu: likapanda na wimbi, likashuka, likapanda tena mbele kidogo, likashuka. Lilimpita polepole, likaelekea mtoni.

"Nimpelekee mama hata mchanga kidogo," alisema alipoweza kusema.

"Utampelekea mchanga wa nani?" Zubeda alimuuliza, na hakuuliza kwa ubaya. "Uliomgusa mtoto wake umeshakwenda, kaka. Na yeye kakwenda nao."

Alirudi Kasokola mikono mitupu. Njiani, kwenye gari, alitengeneza majibu. Alitengeneza jibu la msalaba uliosimikwa kwenye mwinuko, jibu la mfupa mmoja uliokutwa na kuzikwa vizuri, jibu la wanawake waliosali. Lilikuwa na maneno mazuri, lile la wanawake, na alilifanyia mazoezi kimoyomoyo hadi stendi ya Mpanda.

Mawingu yalikuwa yamekusanyika alipoingia uani. Glory alimpokea mlangoni akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mama hajala tangu walipoondoka, na kwamba miguu imerudi kuvimba hadi magotini. Alikuwa kwenye mkeka wake ule ule. Mbele yake palikuwa na shimo wazi, na msalaba umelala pembeni kwenye udongo.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Yuko wapi?"

Aliyapitia kimoyomoyo yale majibu yote, moja baada ya jingine, na mama alikuwa anamtazama. Alikuwa ameshamdanganya mara moja na ameona kilichotoka.

"Hayuko mahali, mama. Pale nilipomzika pamekwenda. Mawimbi yamemchukua pamoja na mchanga wake, na yanaendelea kumchukua. Hata leo."

Skolastika alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo alishaisikia sokoni. Hakulia. Deusdedit angeshukuru kama angelia. Akachukua koleo, akaliingiza kwenye rundo la udongo.

"Acha."

"Mvua inakuja, mama. Hatuwezi kuacha shimo wazi nyumbani."

"Acha, Deusi. Unataka kuchimba mara mbili?"

Koleo likabaki mkononi, udongo umejaa. Alimtazama mama yake, ile miguu iliyong'aa kwa uvimbe, mikono iliyotulia mapajani, na akatafuta neno la kumpinga, akakosa hata moja lililo la kweli. Matone ya kwanza yalianza kudondoka, makubwa, yakichimba vishimo vidogo kwenye vumbi. Akaumwaga ule udongo ulikotoka. Akaenda kwenye banda la mbuzi, akabandua mabati mawili, akaliziba shimo, akapanga matofali juu yake upepo usije ukayabeba. Alifanya kazi ile vizuri, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumfanyia mama yake.

Glory alileta uji. Skolastika alikisukuma kikombe pembeni kwa kidole kimoja, akamuuliza mwanawe kama yale mabati hayana matundu.